Mkuu, usichomee zebaki nyumbani. Soma hii kabla hujamlipa fundi

Mkuu, nimesoma mpango wako wa kuanza kuchenjua dhahabu (kuitenganisha na mawe) kwa zebaki. Hiyo ya kuchomea dhahabu kwenye chumba cha uani, usiku, "ili majirani wasijue na vibaka wasinuse", iondoe kwenye mpango wako leo. Najua umeuliza mengi: leseni ya kuchenjua, shimo la maji machafu likae wapi, miti gani ipandwe kuzunguka mwalo (mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu) ili usichafue mazingira ya kijiji. Ni maswali mazuri. Ila hili la kuchoma linatangulia, maana na mimi nilichomea chumba cha uani, kwa sababu hizohizo unazozitaja, na nyumba nzima imelipa.

Ukishakamua donge (zebaki iliyoshikana na dhahabu) kwenye kitambaa, karibu nusu ya uzito wa kile kilichobaki mkononi bado ni zebaki. Ukikiweka motoni, hiyo nusu haigeuki majivu. Inakuwa mvuke usio na rangi wala harufu, unapanda, unakutana na bati lililopoa, unarudi kuwa matone madogo yanayokaa kwenye kenchi, kwenye chandarua, kwenye nguo zilizotundikwa. Zebaki inachemka kwenye nyuzijoto 357, lakini haisubiri kuchemka ndipo itoe mvuke. Tone lililojificha kwenye ufa wa sakafu linatoa mvuke kidogo kidogo siku zote, na bati likipigwa na jua la saa nane linatoa zaidi. Wewe umeshazima moto na kwenda zako, watoto wanalala humo.

Kwetu aliyegundua hakuwa daktari, alikuwa sonara. Pete ya ndoa ya mke wangu ilianza kupauka upande wa kiganjani, mpaka ikawa nyeupe kama fedha. Tukadhani tuliuziwa feki. Akaipeleka mjini, yule mzee akaigeuza mara mbili kwenye mwanga, akamuuliza: "Mama, zebaki unaishika wapi?" Mke wangu hajawahi kukanyaga mwalo. Kazi yake humo ndani ilikuwa kupika, kufua na kufuta meza. Aliporudi ndipo nikaanza kukagua nyumba kwa tochi. Juu ya jiko, kwenye ubao wa kenchi, kulikuwa na vumbi la kijivu. Nilipolikwangua kwa kisu likajikusanya likawa vitone vinavyong'aa. Mfuniko wa sufuria ya alumini niliokuwa naukamulia ulikuwa umeota manyoya meupe pale ulipokwaruzika, kwa sababu zebaki inakula alumini. Na mfuniko huohuo ulikuwa unarudi jikoni.

Wakati huo mikono yangu ilikuwa inatetemeka tayari. Benki walinirudishia fomu kwa sababu sahihi haifanani. Nilikuwa mkali bila sababu, usingizi hakuna, mdomoni ladha ya chuma, fizi zinavimba. Nikatibiwa malaria, nikatibiwa taifodi, kisha ndugu wakaanza kuulizana ni nani aliyenifanyia. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani, mpaka tabibu mmoja alipoona namna ninavyoshika kikombe. Yeye ndiye aliyeagiza mkojo upimwe zebaki. Kwa hiyo wewe, au kijana wako yeyote wa mwalo, mkifika hospitali tajeni kazi yenu kabla ya kutaja maumivu. Vipimo vya kawaida vya damu na mkojo wanavyofanya pale havionyeshi zebaki.

Mtoto wetu wa mwisho mimba yake iliangukia kipindi hicho. Amechelewa kutembea, amechelewa kusema. Sitamtangazia mtu hapa kwamba ni zebaki, hakuna aliyenithibitishia. Ila mvuke wa zebaki unavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, hilo limethibitishwa, na kama ningelijua mapema moto usingewashwa kwenye uzio ule.

Sasa huyo broka wako anayekukopesha zebaki kwa sharti umuuzie yeye dhahabu, namfahamu hata kama hatujawahi kuonana. Wangu alikuja na chupa ndogo nzito na maneno matamu: ikishapaa imekwisha, moshi wake hauna harufu kwa hiyo hauna madhara, na ukishamaliza kuchoma, unywe maziwa. Maziwa! Kitu kimeingia kwa pumzi, kimepita mapafuni kimeingia kwenye damu, maziwa ya tumboni yanakifuata wapi? Ukimeza tone la zebaki, sehemu kubwa itapita itoke. Ukivuta mvuke wake, karibu asilimia 80 inabaki mwilini. Yule bwana anajua. Kila alipokuja kununua alisimama nje ya uzio akingoja donge lipoe, na mimi nikaona ni heshima. Na ukiwa na deni lake hutakaa umuulize maswali. Zebaki ya mkopo usiichukue.

Kanuni yangu ni moja, na ndiyo nitakayoirudia kwa kila anayeanza: zebaki isione moto nje ya retoti, na retoti isiingie kwenye uzio wa nyumba.

Retoti si mtambo wa kutisha. Ni kikombe cha chuma chenye mfuniko wa kukaza, juu yake bomba linalopinda na kushuka. Donge linakaa ndani, moto unakaa nje, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, unadondoka ukiwa zebaki ileile uliyoinunua. Ikitengenezwa vizuri inarudisha zaidi ya asilimia 90. Fundi wa kuchomelea yeyote anaweza kukuungia kwa koneksheni za bomba la maji, lakini msimamie. Bomba liwe la chuma cheusi. Lile lililopakwa zinki ukilipasha moto linatoa moshi wake wenye sumu, na shaba au aluminiamu zebaki inazishika. Kwenye maungio ziba kwa udongo wa mfinyanzi. Ncha ya bomba isizamishwe ndani ya maji: moto ukipungua, maji yananyonywa kurudi kwenye kikombe chenye joto na kinaweza kulipuka usoni. Funga kitambaa kibichi kwenye bomba, endelea kukimwagia maji, ncha ikae juu kidogo ya maji ya beseni. Halafu usifungue mpaka chuma kimepoa kabisa. Hapo ndipo wengi wanaharibu, kwa sababu mnunuzi amesimama anasubiri.

Watakwambia dhahabu ya retoti inatoka kahawia na broka anapunguza bei. Kweli, wakati mwingine inatoka hivyo. Iyeyushe na boraksi (unga mweupe wanaotumia kuyeyushia dhahabu), rangi yake inarudi. Anayekataa hata baada ya hapo anatafuta punguzo tu, tafuta mnunuzi mwingine.

Na usiimwage zebaki kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe). Umeandika kwamba fundi amekushauri uiweke humo na mawe ili "ikamate vizuri". Inasagwa ikawa unga, haishikani tena, inaondoka na maji ikiwa imebeba dhahabu yako. Saga mawe bila zebaki, pitisha mchanga kwenye mwalo wenye magunia au zulia, kung'uta, osha tena kwenye karai mpaka ubaki na kile kidogo kizito cheusi. Hicho ndicho ukitie zebaki, kama ni lazima. Na mara nyingine si lazima: kule Benguet, Ufilipino, wachimbaji wadogo wamekuwa wakiyeyusha mchanga mzito na boraksi moja kwa moja, bila zebaki, kwa miaka mingi. Kinachotakiwa ni kuosha kwa subira.

Hapa ndipo swali lako la shimo linapoingia, angalau kwa sehemu. Zebaki iliyotoroka na maji haipotei, inatulia kwenye tope. Huko vijidudu vinaigeuza kuwa aina mbaya zaidi, inaingia kwa wadudu, kwa samaki wadogo, kisha kwa samaki wanaokula samaki. Minamata, Japani, watu walianza kugundulika 1956 kwa kula samaki wa ghuba iliyomwagiwa zebaki ya kiwanda. Mkataba uliopewa jina la mji huo ulipitishwa 2013 na kuanza kutumika 2017, na umetaja wazi mambo manne ya kukomeshwa kwenye uchimbaji mdogo: kutia zebaki kwenye mawe yote, kuchoma donge wazi, kuchomea kwenye makazi, na kupeleka marudio (mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu) yenye zebaki kwenye sayanaidi, ile kemikali ya kuyeyushia dhahabu, kabla ya kuiondoa hiyo zebaki. Mpango ulioandika hapa unayo matatu. La nne litakufuata siku ya kwanza mwenye mtambo wa sayanaidi atakapokuja kununua marudio yako, kwa sababu sayanaidi inaiyeyusha zebaki, na kutoka hapo inaenda popote maji yanapokwenda. Marudio yasiyo na zebaki utayauza bila kumficha mtu kitu.

Kama bado hujamlipa fundi, tuma hapa picha ya bomba analotaka kutumia, na ya mahali pa kuchomea, ionyeshe nyumba iko upande gani wa upepo. Hicho chumba cha uani kaweke mahindi.