Maswali na Majibu: Nyumba ya Mlimani na Maji Yake

Fundi, ukuta wa nyuma ya nyumba yetu Isamilo, Mwanza, unaozuia udongo wa mlima, bloku za inchi 6, kimo mita 2, umetoa tumbo na una ufa. Tupige plasta?

Msipige. Plasta inaficha ufa tu, haizuii kinachousukuma ukuta. Mvua inaloanisha udongo wa nyuma, maji yanakosa pa kutokea, yanausukuma ukuta. Bloku za inchi 6 ni za fensi, hazikuumbwa kubeba mlima. Chungulieni chini: kama hakuna hata tundu moja la kutolea maji, jibu mmelipata.

Watoto wasicheze hapo kuanzia leo, na chumba cha upande huo kisilaliwe. Kiangazi, Juni hadi Agosti, toeni kwanza udongo wa nyuma, kisha bomoeni kuanzia juu. Mjenge kwa mawe, Mwanza hayaadimiki: kitako mita 1, upungue kwenda juu. Kila mita 1.5 lazeni bomba la inchi 3 likiinamia nje, safu ya kwanza sentimita 30 kutoka ardhini. Nyuma ya mabomba mwageni kokoto unene wa sentimita 30. Udongo mtupu utayaziba mvua za mwanzo tu. Juu ya ukuta wekeni mfereji wa simenti wa kukinga maji ya mlimani, uishie kwenye mtaro wa mtaa. Usiishie uani kwa jirani wa chini! Kuta nyingi zinazoanguka milimani zinaangushwa na maji ya mtu wa juu aliyeona yakishavuka fensi yake si yake tena. Ukuta ukizidi mita 2, au juu yake pana nyumba, mwiteni mhandisi.

Bati la mita za mraba 100 litajaza simtanki la lita 5,000?

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Toa sehemu ya tano inayopotea; milimita 63 zinalijaza. Maji ya mwanzo yamwage, yana vumbi na kinyesi cha ndege.

Vijana wanataka kulichoma moto jiwe lililo juu ya nyumba yangu walipasue, kokoto wachukue wao.

Kataa. Mawe yetu yameegemeana; ukitoa dogo la chini hujui ni lipi lililokuwa limelilalia.

Karo letu Bugarika linajaa kila masika. Tuchimbe shimo lingine la kunyonya?

Swali hili huja kila Machi, na hakuna anayetaja mwamba uko kina gani. Kwanza angalieni kama bomba la gata, la maji ya mvua ya paa, halijaungwa kwenye chemba ya choo. Mafundi wavivu hufanya hivyo. Kisha chimbeni kishimo, mkijaze maji, yanywee usiku kucha. Asubuhi tieni tena sentimita 30. Jioni yakiwa bado yapo, hata mashimo matano hayatanyonya. Jengeni karo lisilovuja linalofikiwa na gari la kunyonya, au mjiunge na mabomba ya maji taka ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, kama yamefika mtaani. Na wanaotapisha choo mvua ikinyesha wajue: uchafu ule unapita milangoni mwa watu, unaingia Mto Mirongo, unafika ziwani tunakochota maji ya kunywa. Kipindupindu hakichagui nyumba ya juu wala ya chini.

Kiwanja Luchelele, mita 40 kutoka majini, muuzaji ana karatasi ya serikali ya mtaa. Ninunue?

Usinunue. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60, na karatasi ya mtaa haizipunguzi. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda, maji yaliingia kwenye nyumba za ufukweni. Kabla hujatoa hata shilingi, waulize wenyeji yalifika wapi.