Hilux ya dizeli inakula kilomita 9 kwa lita, kitabu kinasema 13

Ndugu, kilomita 9 kwa lita kwa gari linaloshinda kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, si ugonjwa. Ile 13 ya kitabuni hupimwa maabara, kiyoyozi kimezimwa.

Pima upya bila kuamini dashibodi. Jaza tenki hadi pampu ijikate mara ya kwanza, rudisha tripu sifuri, tembea kama kilomita 400, kisha jaza tena kwenye pampu ileile. Zikiingia lita 40, una 10 kwa lita.

Ikiwa chini ya 8 hata safari ya Morogoro, anza na thamostati, kile kifaa kinachozuia maji ya kupoza hadi injini ipate joto. Mafundi wengi huing'oa eti gari lisichemshe. Injini inabaki baridi na dizeli inaliwa bure. Irudishiwe. Likitoa moshi mweusi ukikanyaga mafuta, kagua kichujio cha hewa na mipira ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) kama imepasuka, kabla hujakubali kubadilishiwa nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini, maana hizo ni ghali. Baada ya mwendo usio na breki nyingi, sogeza kiganja karibu na kila rimu: yenye joto kuliko wenzake, breki yake inakwama. Upepo upimwe asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kipimo cha kibandiko cha mlangoni. Na keria ya juu ya paa ikiwa tupu, ishushe.