BPMN kazini: tumia kipande, acha mengine

Umeuliza kama BPMN (lugha ya alama za kuchora hatua za mchakato wa kazi) inafanya kazi kweli au ni michoro ya kupamba ukuta. Inafanya kazi, ukitosheka na kipande kidogo: kazi, tukio la kuanza na la kumaliza, njia panda (mahali mchakato unapogawanyika au kuungana tena) za aina mbili, na safu za wahusika. Toleo la 2.0 la mwaka 2011 lina alama zaidi ya 50, na nyingi mhasibu hatazisoma hata umbembeleze.

Balaa liko kwenye njia panda. Ukigawa kwa alama ya X (tawi moja tu lifuatwe) kisha ukaunganisha kwa + (yote yasubiriwe), mchakato unakwama: ile + inangoja tawi ambalo halikuanza kabisa. Ukigeuza, ukagawa kwa + na kuunganisha kwa X, hatua inayofuata inatekelezwa mara mbili. Kama ni malipo, ankara moja imelipwa mara mbili. Kwenye karatasi michoro yote miwili inaonekana safi kabisa!

Viwango vya kuidhinisha (nani aidhinishe kiasi gani) vitoe kwenye mchoro, viweke kwenye jedwali la DMN, lugha ya kuandika kanuni za maamuzi. Na kazi isiyo na mpangilio maalumu, mfano uchunguzi wa malalamiko, usiilazimishe kwenye BPMN.