Kofia ya mawimbi ya ubongo na Alzheima

Je, kofia inayosoma mawimbi ya ubongo inaweza kugundua Alzheima, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu? Inawezekana, ila kama kipimo cha kuchuja nani achunguzwe zaidi tu, si cha kuthibitisha ugonjwa. Kipo kipimo cha dakika 3 kiitwacho Fastball, cha Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza: unavalishwa kofia ya elektrodi (vipande vinavyonasa umeme wa ubongo), picha zinapita harakaharaka kwenye skrini, huulizwi chochote wala hubonyezi kitu. Baadhi ya picha umeshaonyeshwa kabla. Kumbukumbu ikiwa nzima, ubongo huzitambua wenyewe na mashine inaunasa mwitikio huo. Mwaka 2025 watafiti wake walionyesha kinafanyika hata nyumbani kwa mtu.

Mimi napima EEG (kipimo cha mawimbi ya ubongo) kila siku, wagonjwa wangu wengi ni wa kifafa. Hata kwenye kipimo cha kawaida, mwenye dimensia (hali ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kama ya Alzheima) mara nyingi mawimbi yake ya alfa (yale 8 hadi 13 kwa sekunde, yanayojitokeza kisogoni akifumba macho) huwa yamepungua kasi. Tatizo ni kwamba usingizi, baadhi ya dawa za kifafa, ini bovu au upungufu wa vitamini B12 navyo huyapunguza vilevile. Ndiyo maana mzee akianza kusahau sana, apimwe damu kwanza: B12, homoni za thairoidi, VVU, kaswende. Hayo yana matibabu.