Tishu za sainasi "zimeoza" au "zimeoksidika"?

Swali: Mimi ni muuguzi, naandaa kipeperushi chenye kichwa "Uvimbe Sugu wa Sainasi" (sainasi ni yale matundu ya hewa kwenye mifupa ya uso kandokando ya pua). Niliandika kwamba tishu "zimeozeshwa kwa oksijeni". Mhariri akafuta, akaweka "zimeoksidika", yaani zimebadilika kwa kuathiriwa na oksijeni. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mhariri amefanya vema kufuta "zimeozeshwa". Nyama inayooza imekwisha kufa na vijidudu vinaila, ilhali ngozi laini ya ndani ya sainasi ingali hai. Imejeruhiwa tu.

Hata hivyo, "zimeoksidika" nayo hainiridhishi. Kauli ya kutendeka humficha mtenda: kikombe kimevunjika, aliyekivunja hatajwi. Hapa mtenda anajulikana. Sainasi zikivimba kwa wiki 12 au zaidi, seli nyeupe za damu hujazana humo na kumwaga kemikali kali zitokanazo na oksijeni, peroksidi ya hidrojeni ikiwemo. Zimekusudiwa kuua vijidudu. Mwili una vizimuzi vyake, yaani kemikali zinazozima makali hayo, glutathioni mojawapo, lakini vikizidiwa, kemikali hizo huanza kushambulia protini na mafuta ya seli zetu wenyewe, na vile vinyweleo vinavyosukuma kamasi nje huzorota.

Basi andika: "Tishu zimejeruhiwa na seli nyeupe za damu kwa kemikali za oksijeni." Angalia "na" na "kwa". Amekatwa na mwizi kwa panga: "na" humtaja mtenda, "kwa" hutaja silaha. Sentensi yako ya kwanza iliitaja silaha, mwizi akapotea.

"Kuoksidika" usikitupe. Kinayafaa mafuta yaliyomo kwenye utando wa seli, maana hayo huoksidika hasa, kama samli iliyokaa hadi ikachacha.

Kinachonisumbua zaidi, na hukuuliza, ni kichwa chenyewe. Hospitalini "uvimbe" siku hizi ni kitu kilichoota: uvimbe kwenye kizazi, uvimbe kwenye titi. Mgonjwa akisoma "uvimbe wa sainasi" atawaza kisu, pengine saratani. Sema "kuvimba kwa sainasi". Na "sugu", ingawa ni neno zuri la ugonjwa wa muda mrefu, limeshaingiliwa na "usugu wa dawa". Wapo watakaoelewa kwamba dawa hazifui dafu. "Kuvimba kwa Sainasi kwa Muda Mrefu" hakina mvuto, lakini hakimtishi mtu.

Na ile "nina sainasi" ya mitaani? Kila mtu anazo, jozi nne. Ila ukimnukuu mgonjwa, usimsahihishe.