Jibu: Pikapu ya kubandika na kubandua kwenye udi, bila kutoboa

Mkuu, nimelisoma swali lako. Una udi wa Cairo uliourithi kwa marehemu babu yako, unapiga na kikundi cha taarabu kwenye maharusi hapo Tanga, fidla na akodiani zinakumeza, na fundi wa sauti anataka atoboe mkiani aweke jeki, yaani tundu la kuchomekea waya wa pikapu (kinasa sauti cha chombo). Usikubali. Kwa udi mpya wa kununua dukani tundu moja si neno, lakini huo wa babu uache ulivyo. Mimi napiga udi huku Unguja na situmii pikapu nyingine ila ya kubandika. Shughuli ikiisha naibandua, chombo kinarudi nyumbani kama kilivyotoka.

Kwanza, aliyekushauri pikapu ya sumaku hajawahi kuushika udi. Sumaku inataka nyuzi za chuma. Mwenye mandolini anaweza kuitumia, maana nyuzi zake zina chuma. Za udi, zile nyembamba ni nailoni, na za besi ni uzi laini uliozungushiwa waya wa shaba. Sumaku haina habari na shaba wala nailoni. Utafungua sauti mpaka mwisho na utakachosikia ni mvumo wa umeme.

Kwa hiyo umebaki na njia mbili. Ya kwanza ni maiki ndogo ya kubana, mfano DPA 4099. Kwa sauti tamu hakuna inayoifikia, na kama unapiga peke yako au na vyombo kama kanuni na dumbaki tu, ichukue hiyo kama mfuko unaruhusu. Inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa, hilo si tatizo siku hizi. Tatizo ni kwamba haichagui vya kutosha: fidla ya jirani, akodiani, mpaka vigelegele vya akina mama mstari wa mbele, vyote vinaingia humo. Harusini itakusumbua.

Ya pili ndiyo ninayokushauri, pikapu ya mguso, ile ya piezo. Ni kisahani kidogo kinachobandikwa kwenye uso wa udi, kikitikiswa kinatoa umeme kidogo. K&K wa Marekani wanazitengeneza, Schertler wa Uswisi wanazo, Shadow wa Ujerumani pia. Hata fundi redio wa mtaani anaweza kukutengenezea kwa kisahani cha shaba cha king'ora, mradi atumie waya wenye kinga ya nje, la sivyo itavuma kama nzi kwenye chupa. Usiumize kichwa sana kuchagua kampuni. Chagua nyepesi, kwa sababu kitu kizito kwenye uso mwembamba kinaua sauti ya udi wenyewe.

Pesa yako ipeleke kwenye priampu, kile kifaa cha kukuza sauti ya pikapu kabla haijafika kwenye miksa. Hapa ndipo watu wengi wanapoilaani pikapu isiyo na kosa. Mtu anachomeka piezo moja kwa moja kwenye tundu la laini la miksa, inatoka sauti nyembamba, kali, ya bati, anasema piezo ni takataka. Sababu ni kwamba piezo haiwezi kuendesha mzigo mzito, yaani tundu lenye ukinzani mdogo wa umeme. Kisahani cha kawaida cha milimita 27 kina uwezo wa kuhifadhi chaji wa nanofaradi kama 20. Kikikutana na tundu lenye ukinzani wa kiloohmu 10, kila kitu kilicho chini ya takriban Hz 800 kinaanza kupotea. Sasa nyuzi zote za udi zikiwa wazi ziko chini ya hapo! Yaani miksa inakula udi wako mzima na kukuachia mkwaruzo wa risha, kile kipande cha kupigia nyuzi. Kisahani hichohicho ukikipitisha kwenye priampu yenye mlango wa megaohmu 1 au zaidi, besi inarudi yote. Tafuta hiyo namba kwenye maelezo ya kifaa kabla hujatoa hela, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa dharura amplifaya ya gitaa inatosha, au tundu la miksa lililoandikwa Hi-Z, yaani lenye ukinzani mkubwa. Na priampu iwe na kitufe cha kugeuza fezi, yaani kulipindua wimbi la sauti, nitakuambia kazi yake.

Mahali pa kubandika ndipo penye kazi. Daraja la udi limegundishwa kwenye uso, si kama la mandolini linaloshikiliwa na nyuzi tu, kwa hiyo mtikisiko wote unapitia pale. Ukibandika kisahani kikagusa daraja, utapata sauti kavu yenye risha nyingi. Ukienda mbali sana inakuwa nzito, kama mtu anaimba amejifunika shuka. Anza nyuma ya daraja kuelekea mkiani, upande wa besi, umbali wa vidole viwili. Vaa hedifoni, usitumie spika. Piga jozi moja moja ya nyuzi ikiwa wazi, kwa nguvu ileile, halafu sikiliza ipi inaruka juu ya wenzake na ipi inazama. Kwenye udi wangu jozi ya pili kutoka chini ilikuwa inapiga kelele peke yake. Nikasogeza kisahani upana wa kidole kuelekea besi, ikatulia na wenzake.

Ujue pia kwamba ndani ya uso kuna vipande vya mbao vilivyokatiza kuushikilia. Gonga taratibu kwa ncha ya kidole utavisikia: pale mlio unapokaza ndipo kipo, unapovimba ni katikati ya viwili. Juu ya kipande sauti inakuwa nyembamba kidogo lakini haipigi ovyo miluzi, ile inayotokea sauti ya spika ikirudi kwenye pikapu. Katikati inajaa, ila kwenye ukumbi wenye spika kubwa itakutesa. Mimi nabandika pembeni mwa kipande. Ukipata pako, weka alama kwenye karatasi iliyokatwa kwa umbo la daraja, usichore kwenye udi.

Kubandika kwenyewe: gundi laini ya kufinyanga, Blu Tack au ile inayokuja na pikapu, tandaza nyembamba kama ganda la kitunguu. Ikiwa nene inakunywa trebo, zile sauti kali za juu. Lakini angalia uso wa udi wako kwanza. Nyuso nyingi za udi hazina vanishi nzito, nyingine ni mbao tupu, na mafuta ya gundi yakikaa yanaacha doa lisilotoka. Kama ni mbao tupu, tanguliza kipande cha teipu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, ndipo ubandike juu yake. Teipu ya pande mbili usiisogeze kabisa karibu, inang'oa nyuzinyuzi za mbao. Wakati wa kubandua usivute. Zungusha taratibu mpaka iachie, halafu mabaki uyadonoe kwa bonge la gundi yenyewe. Usiiache usiku kucha, na joto letu hili usiache chombo ndani ya gari.

Waya nao. Mwenye mandolini anabana jeki ukingoni kwa kibano kama cha kidevu cha fidla. Udi una tumbo la duara, hakuna pa kubana kibano cha namna hiyo. Funga jeki kwenye mguu wa kiti au mkanda wa suruali, waya mwembamba uache ulegee kidogo, ili mtu akikanyaga kebo ivutike jeki, si kisahani.

Mluzi: kaa pembeni ya spika, monita isielekee tumboni mwa udi. Mluzi ukianza, bonyeza kile kitufe cha fezi, mara nyingi unakata papo hapo. Ukiendelea, ziba matundu ya uso kwa kitambaa chepesi, halafu fundi atafute masafa yanayolia ayapunguze hayo tu. Atataka kukata besi yote. Mkatalie kwa upole, udi bila besi ni nini? Kwenye kurekodi achana na pikapu, weka maiki mbele.

Priampu nyingi hizi zinatumia betri ya volti 9, na ikianza kufa sauti inakwaruza kabla ya kukatika, basi tembea na ya akiba mfukoni. Ukipata priampu andika hapa ni ya aina gani, tutakuelekeza pa kuanzia vifundo.