Vyungu vya wanafunzi vinalipuka motoni, ni hewa kweli?

Swali: Mi nafundisha sanaa Jinja. Wanafunzi walifinyanga vyungu kwa mkono, tukavianika juani siku mbili, wakapaka rangi ya maji, tukachoma. Zaidi ya nusu vimelipuka na rangi imepotea. Naambiwa ni hewa ilibaki kwenye udongo?

Jibu: Pole sana mwalimu. Hiyo ya hewa wote tumeambiwa, lakini mara nyingi mkosaji ni maji. Siku mbili za jua nje kunakauka, ndani bado kubichi, sasa moto ukifika nyuzi 100 yale maji yanakuwa mvuke na hayana pa kutokea, ndo unasikia pwaa! Weka chungu shavuni, ukisikia ubaridi bado hakijakauka.

Anikeni kivulini wiki mbili hivi, msimu wa mvua zaidi, na siku za kwanza mdomo ufunikwe kwa kavera (mfuko wa plastiki) maana mwembamba unatangulia kukauka kuliko kitako alafu unachanika. Vile vilivyovunjika msitupe, viponde, chekecha, changanya kipimo kimoja cha huo unga wa vigae kwa vipimo vinne au vitano vya udongo, hapo mvuke unapata njia. Kuta zisizidi unene wa kidole. Na watoto wakijenga chungu kwa kupandisha nyoka za udongo, yaani udongo ulioviringishwa kama kamba, wakwarue kwanza pa kuungia, wapake uji wa udongo, wakibandika tu zitaachana.

Rangi ya dukani mwalimu hapana, inaungua yote. Pamba udongo ukiwa mgumu kama mche wa sabuni, yaani ukucha unaacha alama ila chungu hakibonyei. Suka majani kamba fupi kama kidole, ilowanishe, iviringishe shingoni kwa kiganja, mistari inatoka yenyewe, wafinyanzi wa huku Maziwa Makuu wanafanya hivi zaidi ya miaka 1000 na watoto wanaipenda kuliko brashi. Tumboni sugua na kokoto laini ya ziwani mpaka ing'ae, moto wa majani na kuni hauwi mkali wa kuua huo mng'ao.

Siku ya kuchoma vipasheni kando ya moto masaa mawili matatu mkivigeuza, ndo mvizungushie kuni. Chenye kitako kinene kupita kiasi usikiingize hata mwenyewe akilia, kikilipuka kinavunja na vya wenzake.